Mkono Uwe Wako

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kabla hujaondoka Kasongo, kwa sababu maneno ya mdomoni humwagika njiani na njia yako ni ndefu: kutoka hapa mpaka uipate treni, kisha Kongolo, Kabalo, Kamina, Bukama, hata ufike Lubumbashi ukiwa na vumbi masikioni. Miaka imenielemea, na sijui kama siku utakayorudi utanikuta barazani au utapelekwa kuoneshwa kaburi. Basi barua hii iweke kwenye begi pamoja na vyeti vyako, uisome polepole, na uirudie siku ile ambayo hutaelewa kwa nini ulikwenda.

Wapo waliokuja kunishauri nikuzuie. Walisema vijana wenzako wamekwenda Salamabila kutafuta dhahabu, wengine wanatuma franka nyumbani kila mwezi, na mimi nakubali binti yangu aende kujifunza kuchora ndege. Sikubishana nao. Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, nawe umekua ukiniona nikiandika mabango ya maduka na kuchora ramani za shule. Ulianza kushika makaa ya jiko la mama yako na kuchafua kuta kabla hujajua kushika kijiko, na tangu hapo nilijua kwamba siku moja nitakutafutia nauli. Lakini kukuruhusu ni jambo moja, na kukuacha uende bila neno ni jambo jingine, kwa maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ni mwalimu asiyejali mwanafunzi wake amekula au amelala njaa.

Neno langu kubwa ni hili. Shuleni utapewa vitu viwili kwa wakati mmoja, navyo vitafanana hata usijue kuvitenganisha: nidhamu ya mwalimu, na mkono wa mwalimu. Nidhamu ichukue yote, usibakize. Mkono mrudishie kwa heshima, kwa sababu huo ni wake, nawe Mungu amekuumbia wako. Mengine yote nitakayokuandikia humu ni matawi ya neno hilo.

Treni ikisimama Bukama, toa kichwa dirishani uutazame mji ule vizuri. Hapo mwaka 1926 ofisa mmoja wa kikoloni, Georges Thiry, aliziona nyumba zilizochorwa ukutani, akauliza ni kazi ya nani, akaletewa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Mkewe Antoinette naye alikuwa mchoraji. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji, na picha zao zikavuka bahari, zikatundikwa Ulaya, zikasifiwa na watu wasiojua Bukama iko wapi. Kisha sifa zikapoa, na majina yao yakasahauliwa kwa miaka mingi. Picha zilisafiri wakati wenyewe walibaki, na hapakuwa na shule ya kuupokea ujuzi wao na kuupitisha kwa watoto. Likumbuke jina la Antoinette, mwanangu, siku mtu atakapokuambia kwamba kazi ya rangi si ya mwanamke.

Huko unakokwenda, mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakuwapa vijana wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka waangalie miti, wanyama na maji, kisha wachore kutoka ndani ya kumbukumbu zao. Na sasa sikiliza yaliyotokea, maana hapa ndipo lilipo fundisho. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alichora ndege, samaki, mamba na nyoka, na nyuma yao akajaza nukta na vistari vidogo, kimoja baada ya kingine, hata usione kwenye karatasi nzima mahali palipoachwa tupu. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, aliwajenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyolazwa sambamba, kwa rangi za udongo, nyekundu ya kichuguu na kahawia ya majani makavu. Bela, mtu aliyetoka mbali upande wa Chad na kuanza kama mtumishi wa nyumbani kwa huyo Mfaransa, aliweka brashi kando akachora kwa ncha za vidole vyake, alama juu ya alama. Karakana moja, mwalimu mmoja, rangi kutoka meza moja, na mikono mitatu ambayo hata mtoto hawezi kuichanganya.

Hiyo ndiyo sifa ya mwalimu mwema: wanafunzi wake hawafanani naye wala hawafanani wao kwa wao. Utakapofika darasani kwako, tazama kuta. Ukikuta picha ishirini za wanafunzi ishirini zinafanana kama mayai, jifunze pale kuchanganya rangi, kunyoosha turubai na kuosha brashi, lakini moyo wako uuchunge.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili, kwa sababu wosia unaosifu tu ni wosia wa mtu anayetaka kupendwa, nami mapenzi yangu kwako hayahitaji kubembelezwa. Mfaransa yule aliwapenda vijana wake, lakini alikuwa na wazo lake kichwani juu ya Mwafrika safi, asiyeguswa na mambo ya nje, na aliwalinda kwa wazo hilo. Mtu anaweza kukupenda na kukufungia mlango kwa mkono uleule. Utakutana na watu wa namna hiyo, wazungu na weusi, watakaokuambia kwamba msichana wa Maniema achore vinyago na misitu peke yake, na kwamba pikipiki, simu na kambi za wakimbizi si mambo ya sanaa yetu. Wasikilize kwa adabu, kisha uchore unachokiona. Mtu wa Kasongo ana misikiti na kanisa, ana mpunga na msitu, ana Kiswahili kilicholetwa na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ikiwa imebeba mema na maovu pamoja, ana kumbukumbu ya mwaka 1893 wakati majeshi ya kikoloni ya Dhanis yalipouteka mji huu. Hayo yote ni yako. Usikubali mtu akuchagulie kipande kimoja akakuambia hicho ndicho wewe.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Tayari mchoraji wa Kibelgiji Laurent Moonens alikuwa amefungua Akademia ya Sanaa mjini Elisabethville mwaka 1951, na wale vijana wa Hangar wakahamia huko, wakawa walimu wa waliokuja nyuma yao. Hapo ndipo alipopita kijana Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye kwa macho yake mwenyewe aliwageuza watu kuwa vivuli virefu vyembamba, vinavyokaribia kuwa maandishi. Alisoma palepale wenzake walipokuwa wakichora ndege, na hakuchora ndege wa Pilipili. Alifariki mwaka 1985, na picha zake huwezi kuzichanganya na za mwingine yeyote.

Lakini wengine, mwanangu, walichukua mkono wakaiacha nidhamu. Wanunuzi walipozipenda nukta za Pilipili, watu wengi mjini walijifunza kupiga nukta. Ndege wakazaa ndege, samaki wakazaa samaki, mpaka kazi iliyokuwa maajabu ikawa bidhaa ya kuwauzia wageni wanaorudi kwao. Siwalaumu, kwa kuwa njaa ina sauti kubwa na watoto hawali heshima. Nakuonya tu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa ya soko huja mapema kuliko sifa nyingine zote. Siku utakapouza picha yako ya kwanza na mnunuzi akakuomba nyingine kumi kama hiyo, chora mbili upate kodi ya chumba, kisha ufunge mlango uchore ile ambayo hakuna aliyeiagiza. Usipofanya hivyo, baada ya miaka michache utakuwa unajiiga mwenyewe, na huo ni utumwa usio na bwana.

Usidhani jambo hili ni la Kongo peke yake. Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, kuna Akademia ya Pennsylvania iliyoanzishwa mwaka 1805, na mmoja wa walimu wake alikuwa Thomas Eakins, mtu mkali aliyetaka mwanafunzi aujue mwili wa binadamu mfupa kwa mfupa kabla hajathubutu kuupaka rangi. Mwaka 1886 akademia ilimwondoa, kwa sababu alimvua mwanamume aliyekuwa kielelezo cha kuchorwa mbele ya darasa la wanawake. Lakini mwalimu huondoka na mafundisho yakabaki. Mwanafunzi wake Thomas Anshutz aliendelea kufundisha palepale, akamfundisha Robert Henri, na Henri akaenda New York akamfundisha Edward Hopper, yule aliyechora upweke wa miji ya Marekani, watu wamekaa usiku chini ya taa bila kuzungumza. Eakins hakumwona Hopper darasani kwake, na Hopper hakuchora kama Eakins, ila ule ukaidi wa kutazama kitu kama kilivyo ulipita kutoka kwa mtu hadi mtu.

Mwanafunzi mwingine wa Eakins alikuwa mtu mweusi, Henry Ossawa Tanner, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1879. Nchi yake ilimbana kwa rangi ya ngozi yake, akaenda kuishi Ufaransa. Mwaka 1893, mwaka uleule mji wetu ulipokuwa ukitekwa, alimaliza picha inayoitwa The Banjo Lesson. Nimeiona katika kitabu tu, lakini nakuomba uitafute uitazame kwa muda mrefu. Mzee amekaa kitini katika nyumba ya kimaskini, mtoto wa kiume amesimama katikati ya magoti yake akiwa ameshika banjo kubwa kuliko kifua chake. Mwanga wa mchana, wa baridi, unaingia kutoka upande mmoja, na mwanga wa moto wa jikoni, wa joto, unatoka upande wa pili, na yote miwili inakutana juu ya vichwa vya mzee na mtoto. Tazama hasa mkono wa mzee. Hapigi nyuzi. Ameishikilia shingo ya banjo ili mzigo usimwelemee mtoto, na vidole vinavyotafuta sauti ni vya mtoto mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi vya ualimu, na sijaona palipoelezwa vizuri zaidi mwalimu afanye nini na aache nini.

Na Tanner hakuishia kwenye picha. Alipokuwa mzee, mchoraji kijana mweusi kutoka Marekani, Hale Woodruff, alikwenda kumwona huko Ufaransa. Woodruff aliporudi kwao alifundisha Atlanta kuanzia mwaka 1931, na mwaka 1942 akaanzisha pale maonesho ya kila mwaka ya wasanii weusi, ambao walikuwa wakifungiwa milango ya majumba mengine. Upande wetu pia yapo ya namna hiyo. Kampala, miaka ya 1930, Margaret Trowell alianza kufundisha wachache kwenye baraza ya nyumba yake, na darasa lile likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Wakatoka humo Sam Ntiro na Elimo Njau wa Kilimanjaro, akatoka Theresa Musoke wa Uganda, mwanamke unayepaswa kumjua. Njau alikwenda Nairobi, mwaka 1965 akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, akawahimiza vijana maisha yake yote waache kuiga. Mkulima wa mpunga hapa kwetu, hata njaa ikiuma vipi, huiweka mbegu bora ya msimu ujao asiitwange. Watu hawa walikula kidogo wakaweka mbegu.

Kabla ya shule hizi zote, jirani zetu Walega wa Pangi walikuwa na shule yao, Bwami, ambayo mtu aliipanda daraja baada ya daraja tangu ujana mpaka uzee. Humo sanamu ndogo za mbao na za pembe zilitolewa mbele ya wanaofundwa, pamoja na ngoma na methali, na kila sanamu ilibeba neno juu ya mwenendo wa mtu. Ipo moja yenye vichwa vingi, inayoitwa Sakimatwematwe: huyo aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa, mfano wa mtu anayetazama pande zote kabla ya kuamua. Daraja halikununuliwa kwa mali peke yake, kwa kuwa tabia ya mtu ilipimwa na wenzake. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948, miaka miwili tu baada ya karakana ile kufunguliwa Elisabethville. Fikiria hilo, mwanangu: mkono mmoja wa ukoloni ulifungua mlango wa sanaa huku mwingine ukifunga mlango mkongwe zaidi, na sanamu za Pangi leo utazikuta kwa wingi zaidi katika makumbusho ya Ulaya kuliko Pangi kwenyewe. Mwacha asili ni mtumwa. Sikuambii urudi kuchonga Sakimatwematwe. Nakuambia ushike lile waliloliamini waliomchonga, kwamba kitu kizuri kilichotoka katika mkono wa mtu muovu kina upungufu ambao rangi haiwezi kuuziba.

Utaanguka, mwanangu. Sikutishi, nakueleza tu hali ya barabara. Mwalimu atachana kazi yako mbele ya wenzako, na usiku utalia ukilitamani bakuli la sombe la mama yako. Mwisho wa mwezi pesa zitakwisha kabla ya unga. Utapata marafiki watakaokufundisha kwamba msanii lazima alewe, na utawaamini kwa muda. Utaona mwenzako asiye na bidii akipewa tuzo, na wivu utakula kazi yako kama mchwa. Hayo yakitokea, usijifiche nisijue. Niandikie. Hakuna neno utakaloandika litakalonifanya nifunge mlango, na kama mimi nitakuwa sipo, mama yako na ndugu zako wamesikia kauli yangu hii na wataishika. Ila ukiinuka, inuka kwa kazi, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyejuta bila kushika tena brashi ameongeza tu huzuni juu ya uvivu.

Usiwadharau wasiosoma shule yako. Huko Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima, kutoka enzi za mababu na biashara ya watumwa mpaka Lumumba, kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimfungulia mtaalamu Johannes Fabian picha zipatazo mia moja na kumsimulia kila moja kwa Kiswahili kama hiki tunachokizungumza. Hakupita akademia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda, lakini hakuna anayeandika habari za uchoraji wa Kongo akamruka. Ukimkuta mtu wa namna yake anauza picha kando ya barabara, salimia, kaa chini, uliza amechanganyaje buluu ile. Kuuliza si ujinga.

Sasa yale ya mkononi. Kila picha iandike nyuma jina lako, mahali na mwaka, ili isije ikasafiri bila wewe kama za Bukama. Chora kila siku kitu kilicho mbele yako, hata kama ni kiatu. Kijue Kifaransa vizuri ili usisomewe mkataba na mtu mwingine. Kazi yako ya kwanza nzuri usiiuze, iwe ya kujipimia. Mwalimu akikukosoa, nyamaza siku tatu kabla ya kujibu, na siku ya nne utaona kwamba alikuwa na haki nusu. Ichukue nusu hiyo, inatosha kukupeleka mbali. Wala usiharakishe jina. Pilipili aliishi mpaka mwaka 2007, na miaka minane baadaye, mwaka 2015, Paris ilipofanya maonesho makubwa ya Beauté Congo, kazi za watu wa Hangar zilitundikwa katika nyumba moja na zile za akina Lubaki za miaka ya 1920. Heshima ilifika ikiwa imechelewa kwa wengi wao, lakini ilikuta kazi ipo.

Na ukihitimu, deni la shule hulilipi kwa mwalimu, kwa sababu yeye hana haja nalo. Rudi Kasongo, hata kama ni kwa likizo tu, uwakusanye watoto wa hapa na wa Kabambare wanaochafua kuta za majiko ya mama zao. Chumba changu cha mbele, ninapoandikia mabango, nimekwisha kumwambia kaka yako kwamba kisipangishwe. Ni chako. Meza ipo, mwanga wa asubuhi ni mzuri, na paa nimeliziba. Wafundishe kuosha brashi kabla ya kuwafundisha kupaka rangi, uwashikilie banjo iwe nyepesi, na kila mmoja umwache atafute sauti yake. Atakayechora kama wewe, mrudishe nyumbani kwa upole, aje kesho na kitu chake.

Nenda na baraka zangu zote.

Baba yako,
Kasongo